Kupanga makaburi ya msituni: miti kwanza, kaburi baadaye

Ukiingia Skogskyrkogården, kusini mwa jiji la Stockholm nchini Uswidi, kitu cha kwanza kukiona si kaburi. Mbele yako pana uwanda wa majani na msalaba mmoja mkubwa wa jiwe la itale, na upande wa kulia kuna kilima kidogo chenye miti kileleni. Makaburi takriban laki moja yamo humo humo, lakini yamekaa chini ya misonobari, mengi yakiwa na mawe mafupi, na macho huyafikia baada ya kuufikia msitu.

Mwongozo huu ni wa kamati za makaburi, ziwe za msikiti, kanisa, kijiji, ukoo au halmashauri, zenye kipande cha msitu, au shamba tupu linaloweza kuwa msitu baada ya miaka 20. Kanuni za mpangilio tunazichukua Stockholm kwa sababu zimetumika zaidi ya miaka mia moja na bado zinafanya kazi. Vipimo vya maji, udongo na mizizi havibagui nchi. Miti tutachagua ya kwetu.

Walichofanya Waswidi, na walichokiacha

Mwaka 1915 wasanifu wawili vijana, Gunnar Asplund na Sigurd Lewerentz, walishinda shindano la kubuni makaburi hayo. Eneo walilopewa lilikuwa na machimbo ya zamani ya changarawe yaliyokwisha kuota misonobari. Mtu mwingine angesawazisha mashimo na kufyeka miti ili apate safu zilizonyooka. Wao waliiacha misonobari isimame na kuingiza makaburi chini yake. Kazi ilianza 1917, kanisa dogo la msituni likazinduliwa 1920, kanisa la Lewerentz likafuata 1925, na jengo kubwa la kuchomea maiti likakamilika 1940, mwaka ule ule aliofariki Asplund. Mwaka 1994 UNESCO ikaliingiza eneo hilo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Wazo lenyewe lilikuwa limetangulia. Hans Grässel alifungua makaburi ya msituni ya Munich, Ujerumani, mwaka 1907. Na kwa watu wa pwani ya Kenya, kuzika ndani ya msitu ambao hakuna anayeruhusiwa kuukata si jambo la kujifunza ugenini: kaya za Wamijikenda, yaani misitu mitakatifu ya vijiji vyao vya kale, zina makaburi ya wazee wao, na ni miiko iliyoilinda miti hiyo wakati misitu ya jirani inaisha. Kaya hizo ziliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Anayepanga makaburi ya msituni Kilifi au Kwale aanze kwa kuketi na wazee wa kaya kabla hajamwita mpima ardhi.

Kupima eneo: maji huamua kila kitu

Msitu mzuri wenye maji ya juu haufai kwa makaburi, hata kama umepewa bure. Shika umbali huu, ambao mamlaka za mazingira za Uingereza huutumia na ambao unaweza kuutegemea hata huku:

- mita 250 kutoka kisima, chemchemi au kisima kirefu kinachotoa maji ya kunywa;
- mita 30 kutoka mto, kijito au chemchemi nyingine yoyote;
- mita 10 kutoka mfereji wa kutoa maji shambani;
- chini ya kaburi kubaki angalau mita 1 ya udongo mkavu kabla ya kufikia maji, hata masika yanapokuwa yamekolea.

Kwenye miji yetu sharti la mita 250 ndilo linaloangusha maeneo mengi, kwa sababu kila nyumba ya tatu ina kisima. Zunguka kwa miguu, uliza nyumba hadi nyumba, weka kila kisima kwenye ramani. Visima vingi havimo kwenye kumbukumbu yoyote ya ofisi.

Chimba mashimo ya majaribio mwishoni mwa masika, wakati ardhi imeshiba. Shimo moja kwa kila nusu ekari, yasipungue matatu, kila moja kina cha mita 2.5. Kwenye udongo wa kichanga, shimo likipita mita 1.2 weka mbao za kuzuia kuta, maana ukuta wa mchanga hauonyi kabla ya kuanguka. Funika shimo kwa mabati, liache siku nzima, kisha urudi na fimbo yenye alama. Ukikuta maji yametuama chini, eneo hilo liondoe kwenye hesabu ya makaburi na lifanye la miti tu. Kamati nyingi hupima kiangazi, hukuta shimo kavu kabisa, na mwaka wa pili majeneza huelea ndani ya makaburi yaliyochimbwa Aprili.

Soma na udongo uliotoka. Tifutifu jekundu lenye kina ni bora kuliko vyote: linasimama, linapitisha hewa, linapokea mizizi. Mfinyanzi mweusi hushika maji masika na kupasuka kiangazi, na ufa wa namna hiyo unaweza kushuka karibu mita moja. Mwamba wa matumbawe wa pwani una hila yake. Juu ni mkavu na unaonekana salama, lakini nyufa zake hupeleka maji ya mvua moja kwa moja hadi visimani bila udongo wa kuyachuja. Hapo ongeza umbali kutoka visimani, usipunguze.

Kabla ya kutumia fedha yoyote zaidi, pata maandishi ya afisa ardhi na afisa afya, na uulize mamlaka ya mazingira (NEMC Tanzania au NEMA Kenya) ni tathmini gani ya mazingira inayotakiwa. Kama ni msitu wa hifadhi, hakuna kuweka hata kigingi kabla ya kibali cha wakala wa misitu.

Ramani ya miti huja kabla ya ramani ya makaburi

Hapa ndipo makaburi ya msituni yanapotofautiana na makaburi yenye miti. Kwenye makaburi ya kawaida mpima huchora safu, kisha mti uliokaa vibaya hukatwa. Huku unachora miti kwanza, na kaburi linapata nafasi iliyobaki.

Pita na futi kamba. Kila mti wenye kipenyo kinachozidi sentimita 10 upewe namba. Pima mzingo wa shina kwenye kimo cha kifua, gawanya kwa 3.14 upate kipenyo, kisha zidisha kipenyo kwa 12. Jibu ndilo nusu kipenyo cha duara la mizizi ambalo jembe haligusi. Mkangazi wenye mzingo wa sentimita 157 una kipenyo cha sentimita 50, kwa hiyo duara lake linaanzia kwenye shina na kwenda mita 6 kila upande. Ukiwa porini bila kikokotoo, zidisha mzingo kwa 4: utapata mita 6 na ushee, na ziada hiyo ni ya usalama.

Watu huuliza kwa nini duara liwe pana hivyo wakati mzizi mkuu unashuka chini. Mizizi inayolisha mti haishuki. Sehemu kubwa yake imo kwenye sentimita 60 za juu, imetandaa kama mkeka, mara nyingi kupita hata kivuli cha matawi. Shimo la kaburi linalochimbwa mita 2 kutoka kwenye mti mkubwa hukata upande mzima wa mkeka huo. Mti hautakufa mwaka huo. Utaanza kukauka ncha za juu mwaka wa tatu au wa nne, na siku ya upepo utaangukia upande usiokatwa mizizi, juu ya makaburi ya wengine.

Ndani ya duara hilo unaweza kuruhusu majivu tu, kwa jamii zinazochoma maiti: shimo la upana wa sentimita 30 na kina cha 60, lililochimbwa kwa mkono kati ya mizizi. Ujerumani wana misitu ya namna hiyo tangu 2001, ulipofunguliwa ule wa Reinhardswald, ambako majivu huwekwa kwenye chombo kinachooza na kuzikwa chini ya mti uliochaguliwa na familia.

Sasa fanya hesabu ya nafasi, na uiweke mezani mapema ili mtu asije kushangaa. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Miti mikubwa 10 yenye duara la mita 6 inakula 1,130. Njia na mifereji, 600. Ukanda wa pembeni, 400. Uwazi wa kusalia na kukusanyika, 400. Inabaki takriban 1,500. Kaburi moja pamoja na nafasi ya kupita linataka mita 2.5 kwa 1.5, yaani 3.75. Utapata makaburi 400. Makaburi yaliyobanwa kwenye shamba tupu yangefika mara mbili ya hapo. Hiyo ndiyo gharama ya msitu, na kamati isiyoweza kuibeba ni heri ijenge makaburi ya kawaida yenye miti pembezoni kuliko kuanza msitu na kuukata baada ya miaka mitano.

Safu zinazovunjika

Msitu haupendi safu ndefu. Panga makaburi kwa vikundi vya matano hadi manane, kisha acha mti au kichaka, halafu kikundi kingine. Hakikisha anayesimama njiani haoni vikundi zaidi ya viwili au vitatu kwa wakati mmoja.

Kwa Waislamu mwelekeo hauna mjadala, na pwani ya Afrika Mashariki una unafuu. Mombasa, Unguja na Dar es Salaam ziko karibu kabisa kusini mwa Makka, kwa hiyo kibla ni kaskazini na kaburi linalala mashariki–magharibi. Pigilia vigingi viwili vya kudumu vinavyoonyesha mstari huo katika kila kikundi, maana chini ya miti jua halionekani vizuri na mchimbaji hupotea digrii kadhaa bila kujua. Mwelekeo haubadiliki. Kinachosogea ni kikundi kizima, kwenda mbele au nyuma, hadi kikwepe mizizi. Mwanandani, yaani uwazi wa kulaza maiti unaochimbwa ndani ya kaburi, nao unataka nafasi: acha angalau sentimita 60 za udongo usioguswa kati ya kaburi na kaburi, la sivyo ukuta wa mwanandani utatoboka kwa jirani.

Njia, ngazi na kivuli

Njia kuu ya gari la maiti iwe na upana wa mita 3.5, yenye tabaka la kokoto la sentimita 15 lililoshindiliwa na changarawe laini juu. Katikati iwe juu kidogo kuliko kando, sentimita 2 au 3 kwa kila mita, ili maji yaondoke. Usipitishe njia juu ya mizizi kwa kuchimba. Panapobidi, tandika kokoto juu ya ardhi bila kukwangua udongo. Kutoka mahali gari linaposimama hadi kaburi la mbali, usizidishe mita 60, maana wanaobeba si vijana watupu.

Njia ndogo wengi huzipima kwa mtu anayetembea peke yake na kuzifanya mita moja. Zipime kwa jeneza. Wabebaji wawili ubavu kwa ubavu na jeneza mabegani hujaza mita 1.5, na pale ambapo watu hupokezana jeneza kila hatua chache, kama ilivyo desturi kwenye mazishi ya Kiislamu, unahitaji 2.5. Pogoa matawi hadi kimo cha mita 2.5 juu ya njia za miguu na mita 4 juu ya njia ya gari. Mteremko usizidi mita 1 kwa kila mita 20, ili kiti cha magurudumu kipite.

Kisha yafikirie macho ya waombolezaji. Stockholm kuna njia iliyonyooka ya mita 888, iitwayo Njia ya Visima Saba, inayotoka kwenye kilima cha tafakari, kile chenye miti kileleni, hadi kanisa la Lewerentz. Mwanzoni imepakana na miti ya betula, myepesi yenye kupitisha mwanga, baadaye misonobari, mwisho misprusi yenye giza. Hakuna bango wala maandishi. Mtu anatembea, kivuli kinamzidia, na anapofika mlangoni ameshanyamaza mwenyewe.

Unaweza kupata kitu hicho hicho kwa miti yetu. Karibu na lango acha uwazi wenye majani na miti michache ya majani madogo, kama mkwaju au migunga, ambayo chini yake jua linachuja. Katikati panda miringaringa. Karibu na makaburi yenyewe weka miti ya kivuli kizito: mkangazi au mbambakofi kwenye nyanda za chini, podo na mtarakwa kwenye baridi ya milimani. Umbali wa mita 150 unatosha kwa eneo dogo.

Ngazi za kilima kile zinastahili kutazamwa kwa karibu. Kimo cha kila kidaraja kinapungua kadiri unavyopanda, kwa hiyo mpandaji anafika juu pumzi ikiwa imetulia badala ya kuhema. Ukitaka kuiga, anza na kimo cha sentimita 15 na ushuke nusu sentimita kwa kila kidaraja hadi 10, huku ukiongeza upana wa kukanyagia kutoka 35 hadi 45. Fundi asiruke vipimo. Ngazi inayopungua pole pole mguu unaizoea, lakini tofauti ya ghafla ya sentimita 2 humwangusha mtu mwenye machozi machoni. Na pembeni weka njia ya mteremko bila ngazi, daima.

Kuchimba kati ya mizizi

Vifaa: beleshi mbili, sululu, msumeno wa kupogolea wenye meno makali, maturubai mawili, mbao za kuzuia kuta, toroli. Panga libaki stoo. Panga huchana mzizi, na mzizi uliochanika huoza. Msumeno huacha jeraha safi linalofunga.

Weka alama ya shimo, mita 2.1 kwa 0.8, au kwa kipimo cha jeneza. Ondoa majani na udongo wa juu, sentimita 20 hadi 30, uweke kwenye turubai la kwanza. Udongo wa chini, wenye rangi nyingine, uende turubai la pili. Usichanganye. Ule wa juu ndio wenye uhai, na ukiuzika chini kaburi litabaki na upara mwekundu miaka mingi. Wala usirundike udongo kwenye shina la mti hata kwa usiku mmoja: hunyima mizizi hewa, na anayekuja kuuzoa hukwangua gome.

Ukikutana na mzizi mwembamba kuliko sentimita 2.5, kata kwa msumeno kwenye ukingo wa shimo. Ukikutana na mnene zaidi, simama. Sogeza shimo nusu mita na ujaribu tena. Ukikutana nao tena, fukia, andika kwenye daftari kwamba nafasi hiyo ni ya mti, na uhamie nyingine. Kwa sababu hii kaburi lianze kuchimbwa mapema, siyo saa mbili kabla ya maziko, na kila kikundi kiwe na nafasi moja ya akiba iliyokwisha kujaribiwa kwa kuchomeka fimbo ya chuma.

Kina cha mita 1.5 kinatosha. Juu ya maiti hubaki takriban mita moja ya udongo, kiasi cha kuzuia harufu na wanyama wafukuao. Kwenda chini zaidi hakuna faida: huko hewa ni haba, viumbe wa udongo ni wachache, na mwili hukaa muda mrefu sana bila kurudi mavumbini.

Sanda na mkeka, au jeneza la mbao laini lisilopakwa vanishi, ndivyo msitu unavyovipokea vizuri. Katazeni kwa maandishi majeneza ya chuma, yenye bitana ya plastiki, na ya mbao za kubandikwa kwa gundi. Kama maiti itapita mochwari, familia iombe ubaridi badala ya dawa ya formalini pale siku zinaporuhusu.

Kufukia: udongo wa chini kwanza, ukishindiliwa kwa miguu kila sentimita 30 baada ya kupita usawa wa kufunika, na ule wa juu mwisho. Acha tuta la sentimita 25. Litashuka. Masika ya kwanza hulishusha sana, na ndiyo maana jiwe linalowekwa siku ya arobaini huinama kabla ya mwaka kwisha. Rudi na udongo wa akiba baada ya mvua, jaza, na usiweke alama ya kudumu hadi mvua mbili zipite.

Daftari linalopata kaburi lililofichwa na majani

Simu yenye kutafuta mahali kwa setilaiti hukosea mita kadhaa chini ya matawi mazito, na makaburi mawili yanaachana kwa mita moja na nusu. Tumieni bikoni za zege. Kila kikundi kiwe na bikoni mbili, A na B, zilizozikwa zikabaki sentimita 5 juu ya ardhi. Baada ya maziko watu wawili washike futi kamba kutoka A na B, zikutane kichwani mwa kaburi, kisha miguuni. Andikeni: namba ya kaburi, jina, tarehe, A hadi kichwa mita 7.42, B hadi kichwa mita 5.10, na kadhalika. Kwa namba hizo nne mtu ambaye hajazaliwa leo ataweza kulipata kaburi hata jiwe likiwa limepotea. Zikeni pia kipande cha bati la alumini chenye namba iliyogongwa, sentimita 10 chini ya udongo upande wa kichwani. Daftari liwe nakala mbili, zisikae nyumba moja.

Alama, na ugomvi utakaokuja

Sheria ya alama iandikwe na kutiwa saini kabla ya kaburi la kwanza, kwa sababu baada ya kaburi la kwanza haiwezekani tena. Kimo kisizidi sentimita 50, upana 40, unene 10. Jiwe la asili au mbao ngumu. Hakuna zege la kufunika kaburi zima, hakuna vigae, hakuna uzio wa vyuma, hakuna mataji ya plastiki kupita siku 40.

Familia zitauliza kwa nini wazuiwe kumjengea mzazi wao. Wana haki ya kuuliza, na wajibiwe kwa upole na kwa sababu kamili. Zege la mita mbili kwa moja hufunga ardhi. Makaburi 400 yaliyofunikwa hivyo ni mita za mraba 800 zisizonywa maji wala kupumua, na miti iliyowafanya wachague mahali hapa itakufa. Familia ipewe kitu cha kufanya badala ya zege: kutunza mche uliopangiwa, kuchangia benchi la kikundi, kuleta kokoto za njia. Mtu aliyefiwa anahitaji kazi ya mikono yake mahali pale.

Kupanda na kutunza

Shamba tupu lianze kupandwa miaka mitano kabla ya kaburi la kwanza, ikiwezekana kumi. Mashimo ya sentimita 60 kila upande, debe moja la mboji iliyoiva lichanganywe na udongo wa juu, miche iingie mvua za kwanza za masika. Panda kila mita 4, ukijua utapunguza robo tatu ya miti mwaka wa saba ili ibakie mita 8. Matandazo yawe duara la mita moja kuzunguka mche, yakiacha upana wa kiganja bila kugusa shina, maana mchwa hupitia hapo. Kiangazi cha kwanza na cha pili, lita 20 kila wiki kwa kila mche.

Usipande aina moja. Ugonjwa wa miti ya ulmu umeifuta miti hiyo katika sehemu kubwa ya Ulaya, na bustani nyingi zilizoitegemea peke yake zilibaki viwanja vitupu. Changanya aina sita au zaidi, na isiwepo inayozidi theluthi moja.

Miti ya kukataa: mkaratusi, unaokausha udongo na kudondosha matawi bila upepo, mkuyu karibu na makaburi, kwa nguvu ya mizizi yake, mkrismasi, mzuri wa maua lakini mwepesi kukatika na mizizi yake huinua mawe. Mwarobaini pwani hujisambaza wenyewe hadi kuzisonga aina za asili, na tayari unasumbua misitu ya kaya. Mwembe usikae ndani: msimu wa embe, watoto watakuwa juu ya makaburi na mawe yatakuwa yanarushwa. Mnazi usiwe juu ya njia.

Kagueni miti mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Simama chini, tazama juu: tawi kavu, uyoga kwenye shina, ufa kwenye panda, ardhi iliyoinuka upande mmoja wa mizizi. Siku ya maziko watu mia mbili watasimama chini ya tawi hilo.

Moto ndio adui wa kiangazi. Kata mkanda wa mita 5 kuzunguka eneo lote kila Juni, ondoeni majani makavu kwenye mkanda huo hadi udongo uonekane, na mishumaa na ubani viwashwe kwenye uwazi wa kusalia tu, juu ya kokoto. Mpakani panda michongoma. Inazuia ng'ombe bora kuliko waya, na haiibiwi.

Majani ya chini ya miti yasifyekwe kama kiwanja cha mpira. Fyekeni njia kila wiki tatu wakati wa mvua, na kati ya makaburi mara mbili kwa mwaka, baada ya maua kukomaa na kumwaga mbegu. Wageni wengine watasema makaburi yametelekezwa. Kingo za njia zilizokatwa kwa mstari safi huwajibu, kwani jicho likiona ukingo umetunzwa linaelewa kwamba majani marefu yaliyo nyuma yake yameachwa kwa makusudi.

Msitu uliopandwa siku moja huzeeka siku moja, na miti ya rika moja itataka kubadilishwa kwa pamoja. Kwa hiyo kuanzia mwaka wa kumi, kila masika pandeni miche 10 kwa ekari kwenye mianya iliyofunguka, mkitegemea nusu itakufa. Kila mche uingie kwenye daftari lile lile la makaburi, kwa namba na vipimo vya A na B, ili mchimbaji wa miaka 30 ijayo akute duara lake limeshachorwa.